Ukingo haushiki gundi vizuri? Soma alama kwanza kabla hujanunua bledi nyingine

Mbao mbili zikitoka kwenye msumeno wa meza, ziweke ubavu kwa ubavu, zibane kwa mikono tu bila klampu, alafu ziinue kuelekea kwenye taa. Kama mwanga haupiti popote na kidole kikipita kwenye maungio hakikwami, basi hizo mbao ziko tayari kwa gundi, randa huhitaji, msasa huhitaji. Ila kama mwanga unapenya, au ukingo una weusi, au una mistari kama vingazi, kuna kitu hakijakaa sawa na hicho kitu kimeshaacha alama yake pale pale kwenye ukingo. Shida ni kwamba wengi tukiona ukingo mbaya tunakimbilia kununua bledi yenye meno mengi zaidi, na kwenye kupasua mbao hiyo mara nyingi ndo inaharibu kabisa.

Mi nilishapitia hapo. Nilikuwa napasua mbao ngumu ya unene wa sm 4 kwa bledi ya meno 80, nikiamini meno yakiwa mengi ndo usafi unaongezeka, na kweli ukingo ukatoka unang'aa kama umepigwa vanishi, nikafurahi, nikapaka gundi nikaunganisha uso wa meza. Miezi kadhaa baadaye meza ikaachia kwenye maungio mawili. Nilipochungulia ndani, gundi ilikuwa imebaki yote upande mmoja kama utepe wa plastiki, imebanduka bila kung'oa hata unyuzi mmoja. Maungio yaliyoshika vizuri ukiyavunja kwa nguvu mbao ndo inachanika pembeni ya gundi, gundi yenyewe haiachii. Kumbe ule mng'ao niliousifia ulikuwa ni mbao iliyosuguliwa ikapata moto mpaka vinyweleo vyake vikaziba, gundi ikakosa pa kuingia.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya gundi natumia tone la maji. Chovya kidole, dondosha tone moja kwenye ukingo uliotoka kukatwa, subiri kidogo. Mbao iliyokatwa kweli inalinywa tone, linatanuka na kuacha doa jeusi la unyevu. Mbao iliyosuguliwa linabaki limekaa juu duara kama umande kwenye jani. Mbao zenye mafuta asilia kama mtiki zinagoma kunywa hata zikikatwa vizuri, hizo zinadanganya kidogo, ila kwa nyingine nyingi jibu unalipata hapo hapo.

Bledi uliyofunga ni ya kazi gani?

Usianze kurekebisha mashine kabla hujajua hili. Nitatumia bledi ya inchi 10 (mm 254) maana ndo imezoeleka. Bledi ya kupasulia, yaani kukata kufuata nyuzi, ina meno 24 mpaka 30, kichwa cha jino ni bapa kama patasi, limeinama mbele karibu digrii 20, na kati ya jino na jino kuna shimo kubwa. Hilo shimo lina kazi yake, ukipasua mbao inatoa nyuzi ndefu ndefu na zinahitaji pa kukaa mpaka zitolewe nje. Bledi ya kukata kukingama nyuzi ina meno 60 mpaka 80 yaliyonolewa mshazari, moja linaelekea kushoto la pili kulia, yanakata unyuzi kama visu, alafu mashimo yake madogo maana vumbi lake ni laini. Katikati kuna za kazi zote, meno 40, au zile za meno 50 zilizopangwa makundi ya matano matano, manne mshazari moja bapa.

Alafu kuna zinazouzwa kabisa kama bledi za kingo za gundi. Kwa macho zinafanana na za kupasulia, mara nyingi meno 30, ila ubavu wa kila jino umeachiwa nafasi ndogo sana kwa hiyo jino linakata mbele na wakati huo huo linakwangua ukuta kama randa. Ukingo wake ni mzuri mno nakiri, ila kwa mbao nyembamba, mwisho kama mm 25. Ukiipelekea mbao nene ubavu wa meno unasugua eneo kubwa, joto linapanda, unarudi kule kule kwenye weusi. Wengi wanaisema vibaya hii bledi wakati waliipa kazi isiyo yake.

Sasa kwa nini meno mengi yanaunguza? Piga hesabu. Mbao ya mita 1 ikipita kwa sekunde 15, hiyo ni mita 4 kwa dakika. Msumeno ukizunguka mara 4000 kwa dakika, kila mzunguko mbao inasogea mm 1. Ukiwa na meno 24 kila jino linachukua kama mm 0.04, hicho ni kipande halisi, kinakatika na kinaondoka na joto lake. Ukiwa na meno 80 kila jino linabaki na mm 0.0125. Hapo jino halikati tena, linaparaza tu, na kuparaza ni moto. Ungeweza kusukuma haraka mara tatu kufidia lakini mashimo ya bledi hiyo hayana nafasi ya kubeba nyuzi zote hizo, na mota nayo inalemewa.

Ukingo umeungua

Bledi ikiwa ya kupasulia na bado unaona weusi, angalia weusi uko upande gani.

Ukiwa kwenye kipande kilichopita kati ya bledi na fensi (ule ukuta mrefu wa mezani ambao mbao inauegemea ikiwa inasukumwa), shuku fensi. Sehemu yake ya nyuma imeingia ndani kuelekea bledi, mbao inabanwa, na meno ya nyuma yanayopanda juu yanasugua ukingo ambao meno ya mbele yalishaumaliza. Mbali na kuunguza hii ni hatari, maana hayo meno ya nyuma ndo yanayoinua mbao na kukurushia. Fensi iwe sambamba na bledi au nyuma iwe wazi kidogo sana, mm 0.05 mpaka 0.1 inatosha. Weusi ukiwa upande wa pili tu, kwenye kipande kinachodondoka, basi fensi imefunguka kupita kiasi nyuma, au mbao yenyewe inajifunga baada ya kukatwa (nitaigusa mbele).

Weusi pande zote mbili ni hadithi nyingine, hapo fikiria bledi chafu, bledi butu, bledi iliyokaa upande, au mkono wako unaenda taratibu mno. Watu wanaogopa msumeno, na ni haki kuogopa, lakini kuogopa kukikufanya usukume kwa kusitasita mbao itaungua tu. Alama ya kusita unaitambua, ni upinde mmoja mweusi umesimama peke yake kwenye ukingo safi, na ukikumbuka utagundua ndo pale ulipobadilisha mkono au ulipohamisha mguu. Dawa yake ni meza ya kupokelea nyuma ya msumeno na kijiti cha kusukumia kilicho karibu ili usisimame katikati ya safari.

Kabla ya kulaumu fensi hakikisha bledi yenyewe iko sambamba na ule mfereji wa mezani, yaani mtaro mrefu uliochimbwa juu ya meza kufuata mwelekeo wa kukata. Chomoa waya wa umeme kwanza, sio kuzima swichi tu, chomoa. Pandisha bledi mpaka juu, chagua jino moja uliwekee alama ya kalamu, pima toka mfereji mpaka kwenye jino hilo likiwa mbele, alafu zungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile lifike nyuma upime tena. Lazima liwe jino lile lile, ukipima meno mawili tofauti unaweza kuwa unapima kupinda kwa bledi ukadhani unapima meza. Tofauti ikizidi mm 0.1 rekebisha. Kama huna geji, kipande cha mbao kilichobanwa kwenye reli inayoteleza ndani ya mfereji na skrubu moja inayogusa jino kinatosha, masikio yako yatasikia lile gusa la mbele na la nyuma kama yanafanana.

Urefu wa bledi nao unachangia. Ikiwa chini sana kila jino linasafiri njia ndefu ndani ya mbao, joto. Ikiwa juu sana inakata baridi zaidi ila chini kunachanika na vidole vyako viko hatarini zaidi. Mi naweka mashimo ya bledi yatokeze juu ya mbao kidogo tu, basi.

Mistari kwenye ukingo

Hii ndo naipenda kuliko zote kwa sababu mistari inapimika. Shika mbao pembeni ya dirisha ili mwanga uingie kwa ubavu, weka rula juu yake uhesabu umbali toka mstari hadi mstari.

Rudi kwenye ile hesabu ya mm 1 kwa kila mzunguko. Kama ulisukuma kwa mwendo ule na unaona mstari kila mm 1 hivi, kuna kitu kimoja kinagusa mbao mara moja tu kila bledi ikizunguka, yaani ni jino moja limejitokeza au limemeguka, au bledi nzima inayumba kama tairi lenye rimu iliyopinda. Sukuma mbao nyingine haraka zaidi, mistari ikiachana zaidi umethibitisha, ni kitu kinachozunguka. Mistari isiyo na mpangilio, sm 3 hapa sm 7 pale, hiyo sio bledi, hiyo ni mbao kuchezacheza ikiwa inapita, haikukaa vizuri kwenye fensi.

Bledi ikiyumba usiitupe. Ifungue, angalia flenji zake (zile sahani mbili za chuma zinazoibana pande zote) na uso wa shafti, yaani ekseli inayoizungusha, pale inapokaa. Mara nyingi sana unakuta punje ya vumbi lililoganda na utomvu, kitu usichokiona bila kupapasa. Flenji ya mm 60 ikiwa na punje ya mm 0.05 chini yake, ukifika kwenye meno ya bledi ya mm 250 yumba yote inakuwa karibu mm 0.2, na hiyo kidole kinaisikia kabisa kwenye ukingo. Futa, pitisha jiwe la kunolea laini kama kuna kinundu, rudisha, kaza nati kwa kiasi maana kuikaza kupita kiasi nako kunapindisha flenji. Ikiendelea kuyumba, zungusha bledi nusu duara kwenye shafti ile ile ufunge tena, pima. Sehemu iliyokuwa imetoka ikihama pamoja na bledi basi bledi ndo imepinda, ikibaki palepale kwenye shafti tatizo ni shafti.

Na kuna mistari ambayo ni habari njema, watu hawajui. Ukiona pinde nyembamba sana zinazokatizana kama wavu, zingine zimeinama mbele zingine nyuma, na kidole hakizisikii, maana yake meno ya mbele na ya nyuma yanapita njia moja. Bledi na fensi viko sambamba. Paka gundi.

Bledi nyembamba nazo zinaleta mawimbi. Ya kawaida inakata njia ya mm 3.2, nyembamba mm 2.4. Ile nyembamba inasaidia mota ndogo kwa sababu inaondoa mbao kidogo, lakini kwenye mbao nene ngumu inapata joto na kuanza kuogelea, ukingo unatoka na mawimbi marefu laini unayoyaona tu ukiweka rula. Kama mashine yako ina nguvu chukua ya kawaida. Na ukibadilisha kwenda nyembamba angalia kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi, kinatakiwa kiwe kinene kuliko bamba la bledi lakini chembamba kuliko njia inayokatwa, kikiwa kinene kuliko njia mbao itakwama katikati.

Ukingo ni safi, ila mwanga bado unapita

Hapa bledi haina kosa kabisa, acha kuitazama.

Mwanga ukipita katikati au kwenye ncha, mbao haijanyooka. Msumeno wa meza unakopi, ule ukingo unaougusisha fensi ukiwa na upinde basi na upande wa pili utapata upinde ule ule. Unahitaji ukingo mmoja ulionyooka kabla ya kupasua, kwa randa, au kwa kuipigilia mbao kwenye kipande cha plaiwudi kilichonyooka ili kipande hicho ndo kitembee kwenye fensi.

Mwanga ukipita juu tu au chini tu, pembe sio digrii 90. Usiamini mshale wa mashine, weka skwea kwenye bamba la bledi, sio kwenye jino. Na kuna ujanja wa zamani wa mafundi: chora alama kwenye nyuso za mbao, alafu kwenye kila maungio ukingo mmoja ukatwe uso ukiwa juu na wa pili uso ukiwa chini. Kama bledi imekosea nusu digrii, mmoja unatoka 89.5 na mwenzake 90.5, jumla 180, uso wa meza unalala tambarare.

Halafu kuna mbao zinazobadilika mbele ya macho yako, unapasua na njia inajifunga nyuma ya bledi au inafunguka kama mkasi. Hiyo ni mikazo iliyokuwa imefungiwa ndani, mara nyingi kwa sababu ya kukaushwa vibaya au mti uliokua umeinama. Ndo maana kile kisu cha nyuma hakitolewi kwenye kupasua, kinazuia mbao kubana bledi. Ikibana usivute kurudi nyuma, zima mashine, subiri isimame kabisa. Mbao za hivi zipasue zikiwa na ziada ya mm 5, ziache zilale mpaka kesho, alafu ndo upitishe mpasuo wa mwisho kwa kipimo.

Nyuzi zinachomoka, ukingo una manyoya

Kwa mbao nzima manyoya yanamaanisha mbao mbichi au bledi butu. Kwa plaiwudi na melamini (bodi zilizopakwa tabaka gumu linalong'aa) ni jambo lingine, huko unakata kukingama na kufuata nyuzi kwa pamoja kwa hiyo bledi ya meno 24 itaimenya, tumia ya meno 60 kwenda juu, na melamini inapenda yenye meno ya mshazari mkali au zile za jino la mraba lililokatwa pembe likipishana na la bapa. Kinachomenyeka chini kinatibiwa na kifuniko cha mezani kisicho na mwanya pembeni ya bledi, unakitengeneza mwenyewe kwa kipande cha mbao.

Ilikuwa inakata vizuri, sasa hivi haikati

Uchafu kabla ya ubutu, siku zote. Paina inaacha utomvu unaoganda pembeni ya meno, jino linakuwa nene, nafasi ya ubavu inapotea na kuanza kusugua. Toa bledi, ilaze kwenye beseni la plastiki lenye maji ya uvuguvugu na sabuni kali ya kuondolea mafuta, dakika 15, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha vizuri isishike kutu. Dawa kali za kusafishia oveni mi siziweki, kabaidi ya meno, yaani ile ncha ngumu iliyochomelewa kwenye kila jino, inashikiliwa na kobalti na hizo kemikali zinaweza kuila.

Ikishakuwa safi ndo uangalie makali. Elekeza ncha ya jino kwenye taa, makali halisi hayarudishi mwanga, ukiona kauzi keupe kanang'aa pale juu basi limeshaviringika. Bledi ya kabaidi inanolewa tena mara kadhaa kwa jiwe la almasi, mpelekee mtu mwenye mashine ya kazi hiyo, usijaribu kwa tupa. Jino likimeguka au bamba likiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, usiiwashe tena.

Kama bado unataka kununua

Ningekuwa naanza upya ningechukua mbili tu: ya kupasulia meno 24 ya unene wa kawaida, na ya meno 40 au 50 kwa mengine yote. Ukiwa unaunganisha mbao za mm 20 kila siku ongeza ile ya kingo za gundi. Kabla hujalipa soma kilichoandikwa kwenye bamba, mizunguko ya juu inayoruhusiwa izidi ya mashine yako, na tundu la katikati lifanane na shafti yako, misumeno mingi ya Marekani ni inchi 5/8 na ya Ulaya ni mm 30, na hazibadilishani kwa kulazimisha.

Ukishapata ukingo unaokunywa tone la maji, paka gundi siku hiyo hiyo. Mbao iliyokaa wiki nzima inashika vumbi, inapinda kidogo, uso wake unakufa, na utajikuta unaipitisha tena kwenye msumeno.